Nyumba ya Kilindoni iliyoezuliwa na Hidaya

Picha niliipata WhatsApp, kwenye grupu la familia upande wa mama. Mama mdogo kaituma na maneno machache tu, nyumba ya marehemu inauzwa, anayetaka aseme. Nyumba yenyewe haina paa. Kuta zimesimama, mlango upo, madirisha yapo na nondo zake, ila juu hakuna kitu kabisa, na sebuleni umeota mpapai umeshapita usawa wa dirisha. Nikaikuza picha nikauangalia ule mlango nikaijua nyumba. Tulivyokuwa wadogo tukienda Mafia likizo tulikuwa tunapita pale kwenda kuoga baharini, barazani kuna bibi anauza kashata na mumewe anashona nyavu, na baraza ile ilikuwa na ubaridi ambao mpaka leo nikiwa kwenye joto la Mbagala naukumbuka.

Nilikaa siku tatu sisemi kitu. Siku ya nne nikampigia mama mdogo nikamwambia nakuja kuiona.

Kimbunga Hidaya kiliingia Mafia tarehe 4 Mei 2024, Jumamosi. Mamlaka ya Hali ya Hewa walikuwa wametangaza siku kadhaa kabla, boti zikasimama, watu wakaambiwa wasiende baharini, na kweli wengi walisikia. Ila kusikia tangazo na nyumba kuwa tayari ni vitu viwili tofauti, maana nyumba zetu za pwani hazijengwi kwa kufikiria kimbunga. Sisi wote tumekua tunaambiwa vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji, na sababu ipo, tuko karibu na ikweta na huku ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayousokota upepo ni ndogo, kwa hiyo vingi vinapita kusini kwetu. Lakini wazee wana kumbukumbu. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikalaza mikarafuu na kuzamisha meli za Sultan Barghash, Pemba ikasalimika ndio ikaja kuwa kisiwa cha karafuu mpaka leo. Aprili 1952 kikapiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth ikatua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Aprili 2021 Jobo ilikuja moja kwa moja upande wetu ikaisha nguvu baharini tukamshukuru Mungu tukasahau. Halafu 2024 Hidaya. Ukivipanga hivyo unaona kabisa havikosi, ni kwamba vinachelewana kiasi kwamba fundi anayepiga paa leo hajawahi kuona paa likiondoka.

Safari sitaieleza sana, Mbagala mpaka Bungu, ukakate kushoto kwenda Nyamisati, hapo unasubiri chombo, bahari ilikuwa tulivu. Kilindoni nimepokelewa na mjomba na rafiki yake mmoja mzee wa miaka sabini na kitu, fundi wa zamani, nimemuomba mjomba anitafutie mtu ambaye hana maslahi na uuzaji wala ujenzi na kweli kamleta huyo. Kama kuna kitu kimoja nilichofanya sawa kwenye jambo hili lote ni hicho. Dalali naye alikuwepo, kijana mchangamfu, anaongea haraka, sentensi yake ya kwanza ilikuwa "hapa ni kupaua tu bosi, ukipaua umemaliza".

Mzee fundi hakumjibu. Akaingia ndani, akazunguka vyumba vyote kimya, akatoka nje akazunguka tena kwa nje, halafu akauliza bati ziko wapi.

Bati zilikuwa kwenye shamba la jirani, chini ya minazi, mwaka na nusu ziko pale. Twende tukazione, akasema. Mimi nilidhani anataka kujua kama zinafaa kutumika tena, kumbe hapana. Alikuwa anataka kusoma paa limeondokaje. Zimekunjamana na zimeshika kutu ila vipande vikubwa vilikuwa bado vimeshikana na papi zake, zile mbao ndogo zinazopigiliwa bati, misumari ya bati iko palepale, haijachomoka. Akanionyesha kwa kidole, unaona, huyu fundi aliyepiga bati alipiga vizuri, bati halikumuacha papi. Kama bati zingekuwa nyembamba zingechanika kwenye vichwa vya misumari na papi zingebaki juu. Hapa limeondoka paa zima kama mfuniko wa sufuria, bati na papi na nusu ya kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Kwa hiyo kosa liko chini yake.

Tukarudi nyumbani akapanda ngazi akaenda mpaka juu ya ukuta, pale inapolala ile mbao wanayoiita wolpleti. Ilikuwa imelazwa tu juu ya ukuta ikapigiliwa misumari michache kwenye chokaa. Hakuna mkanda wa chuma, hakuna waya uliozamishwa ukutani, hakuna kitu kilichoifunga nyumba na paa lake zaidi ya uzito wa paa lenyewe. Na siku za kawaida uzito unatosha, nyumba ile imekaa hivyo miaka yote. Lakini upepo mkali haulisukumi paa, unalinyanyua, na mbele kulikuwa na kile kibaraza nilichokuwa nakipenda, bati zake zimetokeza mbele kama mita mbili na nusu na zote ni paa moja na la nyumba, upepo ukaingia chini ya baraza ukakuta pa kushika. Mzee akasema baraza ndiyo iliyokuwa mpini.

Nilisikia vibaya kidogo kusikia hivyo kuhusu ile baraza.

Sasa ngoja nieleze nyumba ilivyo maana hapa ndipo penyewe. Ni nyumba mbili zilizoungana. Mbele ni ya zamani, ukumbi na vyumba vitatu, kuta nene karibu nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa ya tanuu, aliyejenga ni baba wa yule marehemu, mume wa bibi wa kashata. Nyuma ni nyongeza ya miaka ya karibuni, vyumba viwili, jiko na choo cha ndani, tofali za bloku inchi sita. Mtu yeyote akiingia leo atasema ya nyuma ndiyo nzima. Ina tailizi, ina silingibodi iliyobaki kona moja, imepakwa rangi ya maziwa. Ya mbele imebanduka ripu, yaani plasta, ina madoa meusi, inanuka unyevu, na huo mpapai. Dalali alikuwa anatupeleka sana nyuma, hapa unaweza kuhamia hata kesho, mbele mtabomoa taratibu.

Mzee akachomoa ufunguo mfukoni akaanza kukwangua tofali la nyuma pale ripu ilipopasuka. Likawa linamwagika kama biskuti. Akachukua kidogo kwenye kidole akaweka kwenye ulimi, akanipa na mimi. Chumvi. Mchanga wa pwani huo, akasema, wamechota hapo hapo wakafyatua, na mfuko mmoja wa simenti wametoa tofali sitini au zaidi. Halafu akatupeleka kwenye lenta juu ya mlango wa jiko, zege limepasuka mstari mrefu na kipande kimeanguka, ndani nondo imevimba kwa kutu mpaka imekuwa kama ganda la mti. Ile chumvi iliyo kwenye mchanga inakula nondo kwa ndani, nondo ikishika kutu inatanuka, ikitanuka inapasua zege, na hapo hakuna kimbunga kinachohusika, hata Hidaya isingekuja hiyo lenta ingeanguka tu siku yake. Nilipiga picha nyingi hapo maana nataka watu wa nyumbani waone.

Halafu mbele. Akagonga ukuta kwa nyundo, kila hatua anagonga, anasikiliza. Sehemu kubwa ripu inalia tupu, yaani imeachana na ukuta, ila jiwe lenyewe nyuma yake limekaa. Tukabandua kipande cha ripu kikubwa kama meza. Kumbe sio chokaa, ni simenti, walipaka juu ya chokaa miaka fulani ili nyumba ionekane ya kisasa. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwa nakijua kabisa. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, unavuta unyevu kutoka chini na kwenye hewa halafu unautoa, miaka nenda rudi. Ukiufunika kwa simenti umeuziba pua, maji yanaingia kwenye nyufa hayatoki, chumvi inajikusanya nyuma ya ripu, inasukuma, ripu inabanduka na jiwe linaanza kulika. Yale madoa meusi niliyodhani ni ubovu wa ukuta wa zamani yalikuwa ni ubovu wa lile koti jipya. Nyuma ya ripu jiwe lilikuwa jeupe na chokaa imeshika ngumu kiasi kwamba ufunguo wa mzee haukuingia.

Mjomba akasema si mmeona Kua. Kweli, kule kisiwa cha Juani magofu ya mji wa Kua yamekaa bila paa tangu mwanzoni mwa karne ya 19 walipovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska, mizizi ya miti imepita ukutani na bado kuta na misikiti unaviona vimesimama. Mawe na chokaa hayo hayo. Bila paa mwaka na nusu kwa ukuta wa aina ile sio kifo. Kwa zile tofali za nyuma ni kifo.

Kwa hiyo hesabu ya dalali iligeuka yote. Kinachouzwa kama nyumba nzima ni cha kubomoa na kinachouzwa kama gofu ndiyo nyumba.

Baada ya hapo tukaenda kwa mwenyewe. Bibi yupo, anakaa kwa binti yake mtaa wa pili, hauzi tena kashata, macho yamepungua.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sauti siijui hii, wa nani wewe?"

Nikamtajia jina la mama. Akakaa kidogo akacheka, akaniambia wewe ndiye yule uliyekuwa unachukua kashata mbili unalipa moja. Sikumbuki ila nimeamini. Akatusimulia ile siku, walikuwa watatu ndani, yeye na mjukuu na jirani aliyekuja kujihifadhi kwa sababu yeye nyumba yake ni ya udongo na makuti. Anasema haukuwa mlio wa upepo aliouzoea wa kusi, ulikuwa kama lori linapanda mlima halifiki. Wakajibana kwenye kile chumba cha kati, paa likaondoka likaacha mwanga, mvua ikawa inawapiga ndani ya nyumba kama wako nje, lakini kuta hazikutikisika. Jirani makuti yake yaliruka yote, ila wiki mbili baadaye ameshasuka mengine amerudi kwake. Bibi mpaka leo hajarudi. Paa la bati lina pesa, makuti yana mikono ya watu tu. Hilo nalifikiria sana.

Watoto walijaribu kuchangishana, mmoja akauguza, mwingine ana ada za shule, masika ya mwaka uliofuata ikaikuta nyumba iko wazi, ndio wakaamua wauze.

Sasa makaratasi, na hapa nawaomba mnaotaka kununua nyumba za namna hii msome polepole. Nyumba haina hati. Kuna karatasi ya zamani ya serikali ya mtaa na ushahidi wa majirani. Mwenye nyumba alishafariki na mirathi haijawahi kufunguliwa. Bibi kwa sheria yetu ya Kiislamu ana thumuni yake maana marehemu kaacha watoto, zinazobaki ni za watoto watano, kwa hiyo hata bibi akinipa mkono leo hana uwezo wa kuniuzia peke yake, na dalali anajua, alikuwa anasema tuandikishane kwa mwenyekiti na mashahidi wawili inatosha. Haitoshi. Tumekubaliana kwanza waende mahakama ya mwanzo wapate msimamizi wa mirathi, watoto wote watano wakubali kwa maandishi, ndipo tuongee kuuziana. Mtoto mmoja yuko Muscat, yeye ndiye tuliyekuwa na wasiwasi naye, nimempigia kakubali palepale, kaniuliza tu mlango utaubadilisha? Nikamwambia siubadilishi.

Na jambo la pili, bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nilikuja na tepu. Tukapima mimi na mjomba kutoka pale maji yanapofika bamvua ikijaa mpaka msingi wa baraza, tukapata mita 74. Tukapima tena, 74. Sijui niseme nini zaidi ya Alhamdulillah, maana nyumba ya tatu kutoka hapo iko ndani kabisa ya ile mita 60 na bahari ya Mafia inakula nchi kavu, Kisimani sehemu kubwa ya mji wa zamani imeingia majini. Mita 74 inanipa amani kiasi, sio amani yote.

Bei. Walianza kuitangaza milioni 22, hakuna aliyekuja, sasa wanasema 14 na dalali akaninong'oneza ukikomaa wanashuka mpaka 10 kwa sababu bibi anataka ya matibabu ya macho. Nilitoka nje nikasimama pale kwenye baraza. Mimi sio tajiri, hizi hela nimeziweka miaka tisa, na kila milioni ninayompa bibi ni bati ambazo sitanunua. Lakini nimeshaonja ile chumvi na nimeshaona lile jiwe jeupe, ninajua nanunua nini, na yeye anauza akidhani anauza gofu. Kununua kwa bei ya gofu kitu ambacho najua sio gofu, kwa mtu mzima asiyeona vizuri, ambaye nimekula kashata zake, siwezi. Nikarudi ndani nikawaambia ukweli, kwamba vyumba vya nyuma ni vya kubomoa na vya mbele ni vizima, mzee fundi akawaeleza na yeye, na nikasema 14 nitatoa bila kupunguza hata shilingi. Kaka mkubwa wa pale alitaka ipande kidogo baada ya kusikia hivyo, bibi akamnyamazisha. Dalali hakufurahi na sasa hivi haongei na mimi vizuri.

Mzee amenichorea kwenye daftari jinsi ya kuirudisha. Nyuma yote ibomolewe, kifusi kitumike kujazia, choo kijengwe upya mbali na ukuta wa zamani kwa mchanga wa shimo uliooshwa. Mbele ripu ya simenti itolewe yote, ukuta uachwe ukauke kipindi chote cha kaskazi, usifunikwe na chochote. Juu, mikanda ya chuma ishuke karibu mita moja ndani ya ukuta ishike mawe yenyewe, ndipo ilazwe wolpleti na ifungwe nayo, kila kenchi ifungwe kwa mkanda, sio msumari peke yake. Paa liwe la kumwaga pande nne badala ya mbili, lisimame zaidi, bati geji 28 ambazo ni nene, sio zile 32, kila papi ya ukingoni ipigwe misumari kwa ukaribu maana kingo ndizo zinazoanza kuondoka. Na baraza ijengewe kipaa chake peke yake, cha makuti, kilichoachana na paa kubwa, ikija nyingine kama Hidaya kiende chenyewe. Nilifurahi sana baraza kubaki.

Kinachonipa shida ni chokaa. Tanuu za zamani walikuwa wanachoma matumbawe ya baharini na hilo sasa hivi Mafia halitakiwi kabisa, Hifadhi ya Bahari ipo tangu 1995 na sababu yake naikubali, tumbawe likitolewa samaki wanaondoka. Kwa hiyo lazima iwe ya mawe ya nchi kavu au ya mifuko kutoka bara, ilowekwe muda mrefu, na anayejua kuipaka. Mzee anajua ila mikono yake imechoka, kasema atakaa kwenye kiti aelekeze, vijana wawili wafanye. Vijana wa hapo wote wazuri ila ni wa simenti, ukimwambia ripu inayokauka wiki kadhaa anakuona unampotezea muda.

Kama unamjua fundi wa chokaa, wa kweli, aliyewahi kupaka ukuta wa mawe ukakaa, awe Kilwa, Bagamoyo, Pangani, Unguja au popote, naomba uniunganishe naye. Nitamlipia nauli na chombo kutoka Nyamisati na atalala kwa mjomba. Mirathi ikitoka salama nataka ripu ianze kubanduliwa Januari, ukuta upate kaskazi nzima ya kukauka, na masika ikija ikute angalau turubai liko juu ya kile chumba cha kati.

Mpapai tumeuacha mpaka uzae, bibi kaomba.